Mbegu Mbili, Kaburi Moja

Kijijini kwetu, ndani ya kata ya Kasekese, mvua za kwanza zikianguka watu hawaulizani kama wamepanda. Wanaulizana kama wamezika. "Umeshazika?" mama anamwuliza jirani wa ng'ambo ya barabara, na jirani anajibu huku anafunga kitenge vizuri kiunoni, "Nimezika bondeni, huku juu bado." Nilikua nikidhani ndivyo Kiswahili kinavyosemwa na watu wote. Nilipopelekwa kusoma Mpanda mjini niliandika kwenye insha kwamba baba yangu huzika mahindi kila mwaka, na mwalimu akalizungushia neno lile wino mwekundu, akaandika pembeni: "Yamekufa?"

Darasa zima lilicheka. Niliporudi likizo nikamsimulia baba, naye akacheka mpaka akaweka jembe chini. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya mto, kwenye shamba la Mjerumani. "Kamwulize yule," akasema. "Neno ni lake."

Yule, sisi watoto tulimwita mzee tu, kwa sababu hatukuwahi kumjua akiwa kijana. Baba alimjua. Baba ni Mfipa wa Karema, na walikutana huko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, baba akiwa kijana wa kukoroga udongo na saruji, mwenzake akiwa fundi wa paa aliyeletwa kutoka Ujerumani kuezeka upya majengo ya misheni. Kazi ilipokwisha, mafundi wengine walifunga masanduku yao wakaondoka. Huyu mmoja akabaki. Alimwambia baba kwamba kila siku akiwa juu ya paa alikuwa anatazama upande wa mashariki, anaona milima na pori lisilo na moshi hata mmoja, na kwamba mawazo ya moshi ule ambao haupo yalikuwa yanamkosesha usingizi. Alitaka kwenda kuuwasha.

Wakaja wote wawili. Serikali ya kijiji ikampa sehemu ya kulima ng'ambo ya mto, mahali ambapo wenyeji walikuwa wamepaacha kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu tembo walikuwa wanapita hapo kama kwao. Walilala chini ya turubai. Waliangusha miti ya miyombo, wakachoma visiki, wakaugua malaria kwa zamu, mmoja akitetemeka, mwingine akichemsha maji. Baba anasema msimu ule wa kiangazi moshi ulipanda kila jioni, na Mjerumani alikuwa anasogea mbali kidogo ili auone vizuri, kisha anarudi kula.

Halafu mvua ikanyesha, na hapo ndipo neno lilipozaliwa.

Karema, juu ya mapaa, neno alilokuwa akilisikia kutwa nzima lilikuwa kupanda. Panda juu. Umepanda? Panda na misumari. Kwake kupanda ilikuwa ngazi. Basi asubuhi ile vijana wa kibarua walipomwambia, "Bosi, ardhi imelowa, leo tupande," aliinua uso akatafuta juu.

"Kupanda wapi?" akauliza. "Miti tumekata yote."

Wakamwonyesha mbegu. Akaelewa wanachotaka, ila hakukubali kwamba neno la ngazi linaweza kuwa pia neno la shimo. Alikuwa mtu wa mpangilio, kila kifaa na msumari wake ukutani. Akawaza mwenyewe: linaitwaje jambo la kuweka kitu ardhini kwa uangalifu, kukifunika udongo, kisha watu wakasimama kando wakitumaini? Alikuwa amelisikia huko huko Karema, makaburini. Akavua kofia, akasimama mbele ya vijana, akatangaza:

"Leo tutazika mahindi. Mbegu mbili, kaburi moja."

Kijana mmoja alilala chini kabisa kwa kucheka. Mwingine, mtu mzima kidogo, alitupa jembe akasema yeye hafanyi kazi ya mkosi, akaenda zake, akarudi ugali ulipoiva. Baba ndiye aliyemweleza kosa lake. Mjerumani akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema kwamba anaelewa, lakini wameshaanza na itabidi wamalize. Wakazika shamba zima. Mahindi yale yangekufa, neno lingekufa nayo. Yakaota yote, mazito, ya kijani iliyokolea, na mwaka uliofuata kijiji kizima kikawa kinazika.

Aliyafanya makaburi yake kwa kamba. Alikuwa nayo kamba ya bluu ya nyavu, kutoka kwa wavuvi wa Karema, aliyoipiga mafundo kwa nafasi sawa. Aliifunga kwenye vigingi viwili, akaivuta mpaka ikalia ukiigusa, na penye fundo ndipo shimo linapochimbwa. Sisi tulikuwa tunalima matuta yanayofuata mteremko, yanakwepa kisiki, yanazunguka kichuguu. Mistari yake haikukwepa kitu. Ukisimama barabarani mwezi wa kwanza ungeweza kuona kupitia shamba lake lote mpaka mwisho, kama mtu anayetazama ndani ya mwanzi. Wapita njia walisimama na baiskeli zao kuangalia. "Huyu analima au anashona?" wakaulizana.

Alizeeka pale pale. Alileta mashine ya kukamua alizeti, akafuga nyuki, akaoka mikate ya ulezi iliyokuwa migumu kama tofali. Alikuwa anachachusha kabichi kwenye pipa mpaka inanuka, na akatugawia watoto kwa moyo mmoja, na sisi tukaila kwa adabu, tukaenda kuitema mtoni. Alipata uraia. Siku ile alirudi kutoka mjini na karatasi yake kwenye mfuko wa shati, akaionyesha kila nyumba.

Lakini aliitwa mgeni. Hapo ndipo palipokuwa na jiwe ndani ya kiatu chake. Akiingia kwenye boma lolote, "Karibu mgeni," na mtoto anatumwa kukimbilia kiti. Wanaume wote wamekaa kwenye mkeka au magogo, yeye yuko juu ya kiti, peke yake, magoti yamechongoka, na paja la kuku liko kwenye sahani yake kabla ya wengine kunawa. Niliwahi kumsikia akimwambia mama, "Mama, naomba mkeka." Mama akashtuka. "Hapana jamani, mgeni huwezi kukaa chini." Akakaa kwenye kiti. Alikuwa ameishi pale tangu kabla mama hajaolewa.

Nilikuwa msichana mdogo bibi yangu mzaa baba alipofariki. Sisi Wafipa na Wasukuma ni watani, na wakati ule familia za Kisukuma zilikuwa zimeanza kufika kwetu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Walikuja msibani kufanya kazi yao. Mmoja wao, mama mrefu mwenye sauti ya kuitia mifugo, alichukua kitenge cha bibi na fimbo ya bibi, akaanza kutembea uwanjani ameinama, anakohoa kikohozi cha bibi kilekile, anafunua vyungu. "Nani kachukua chumvi yangu? Nyie wakwe zangu wezi nyie! Nimekufa siku moja tu chumvi imeisha!" Watu waliokuwa wanalia wakawa wanajifuta machozi na kucheka kwa pamoja, maana bibi kweli alikuwa anahesabu chumvi.

Mjerumani aliinuka kutoka kwenye kiti chake, uso mwekundu. "Mama! Heshima! Kuna maiti hapa!"

Yule mama akasimama, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Na huyu mweupe naye kafa lini? Mbona hamjamfukia?"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mzee akakaa.

Baada ya maziko baba alimsindikiza mpaka mtoni, na mimi nikiwa nimeshika mkono wa baba nikasikia anamweleza. Mtani ndiye anayekuja kukumbusha kwamba marehemu alikuwa mtu, siyo malaika. Anautaja ubahili wake, anamwiga kutembea. Na ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini, kwa sababu ndugu na rafiki mikono yao inatetemeka.

"Na mtu asiye na mtani?" mzee akauliza.

"Mgeni? Mgeni anazikwa kimya tu. Watu wanasema maneno mazuri, wanakula, wanarudi nyumbani mapema."

Mzee akatembea kidogo. "Basi mimi mtanisemea maneno mazuri."

"Mazuri sana, mzee."

"Hiyo ni mbaya," akasema. Alisimama ukingoni akitazama maji. "Tafadhali, nitafutie mtani."

Baba alimjibu kwamba mtani hatafutwi kama mchumba. Utani unatoka zamani, kwa watu waliopigana kweli kweli, kisha wakapatana, na kwa kuwa hawawezi kupigana tena wamebaki kutukanana. Mzee akatingisha kichwa taratibu, kama anavyofanya akipewa kipimo cha mbao.

Msimu uliofuata ng'ombe wa yule mama waliingia kwenye mahindi yake. Waliingia wengi, wakapita katikati ya mistari ile iliyonyooka, wakaacha kama barabara. Mzee akawafungia kwenye zizi lake, mama akaja na fimbo, na ugomvi wakaupeleka mpaka ofisi ya kijiji, watu wote tukafuata. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya ukuta wa darasa ambalo halijaisha kujengwa, kwa hiyo niliona vizuri. Mama alimwita mzee mchoyo wa majani. Mzee akasema ng'ombe wake hawana adabu kwa sababu mwenyewe hana. Mama akamsukuma, mzee akakalia matope. Akainuka, akamnyang'anya fimbo, akaivunja kwenye goti. Watu wakarudi nyuma hatua, maana kuvunja fimbo ya mfugaji siyo jambo dogo.

Mwenyekiti aliwakalisha na kuwasuluhisha. Mama alete maziwa, mzee atoe mashudu ya alizeti kwa ng'ombe. Kibuyu kililetwa, mzee akanywa mbele ya wote, akajifuta ndevu, akasimama wima na suruali yake ya matope.

"Mama, tumepigana?"

"Tumepigana, ndiyo. Si umenivunjia fimbo."

"Na sasa tumepatana?"

"Si umeshakunywa maziwa!"

"Basi," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo, "wewe ni mtani wangu."

Yule mama akamgeukia baba. "Wewe Mfipa, umemfundisha nini huyu?" Baba akatazama pembeni. Mama akamwangalia mzee tena, muda mrefu, na pole pole mdomo wake ukaanza kumshinda. Akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaiweka juu ya kilemba chake, akaondoka nayo.

"Ameenda na kofia yangu," mzee akasema.

"Ndiyo," akasema baba. "Mmeshaanza."

Kwa miaka kadhaa uwanja wa mzee haukuwa na amani, na sijawahi kumwona mtu akifurahia fujo namna ile. Mama alikuwa anaingia bila hodi, anakamata kuku, anasema, "Nyie mlitolewa jikoni hamjaiva, ndiyo maana mnanunanuna." Mzee naye alijifunza. "Mtani, ng'ombe wako wanakujua kuliko mumeo." "Mume wangu ana maziwa?" Na nyumbani kwake, kwa yule mama peke yake kijiji kizima, mzee alikuwa anaonyeshwa mkeka. "Kaa chini huko, kiti ni cha watu."

Kisha wafugaji wakaambiwa wasogee, kwa kuwa malisho ya upande wetu yalikuwa yameingia msitu wa hifadhi. Yule mama akahamia mbali, upande wa Ugalla. Alimpitia mzee kumuaga, wakatukanana vizuri, na mzee akasimama barabarani mpaka vumbi la ng'ombe likatulia. Baada ya hapo ilikuwa salamu za hapa na pale kupitia madereva wa malori. Mara moja lilikuja dumu la samli na ujumbe: "Mwambieni yule anayezika mahindi kwamba sijafa." Mzee akarudisha mkate wa ulezi. Ujumbe wa kujibu ukaja baada ya mavuno: mkate umewekwa mlangoni kuzuia mlango.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa Dar es Salaam, naandika, nakaa na watu wanaobishana usiku kucha juu ya sentensi. Nilipowasimulia habari ya kuzika mahindi walisema nimetunga.

Mwaka jana, mvua zilipokaribia, baba alinipigia simu akasema miguu ya mzee imevimba na yuko hospitali mjini. Nilifika Mpanda kwa treni. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha, na baba amekaa pembeni anamenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka. Waliongea kidogo kuhusu mbegu, kama zimefika, kama panya wameingia ghalani. Mzee akauliza kama mawingu yamekaa upande wa ziwa. Baba akasema yamekaa.

Halafu mzee akasema, bila huzuni, kama anayegawa kazi za kesho, "Wewe utanililia, najua. Lakini nani atanitania?"

Baba akaweka chungwa chini. "Nitamleta."

"Yuko mbali."

"Nimesema nitamleta, mzee."

Alifariki siku chache baadaye, mchana, watu wakiwa wanabadilishana zamu ya chakula. Baba alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alikuwa na kazi.

Mtoto wa kaka yake mzee alipigiwa simu Ujerumani, akasema anakuja, na kwamba azikwe palepale shambani kama alivyotaka. Tukawa tunamsubiri, na katika kumsubiri baba alimtafuta mtani. Simu ya yule mama haikupatikana. Baba akawaambia madereva wa malori. Akawaambia wafanyabiashara wa asali waendao Ugalla. Akapeleka tangazo la kifo redioni, na mwisho wa tangazo akaomba waongeze kwamba mtani wa marehemu aje haraka. Kijana wa redio akauliza ni kabila gani, maana Wajerumani hawana watani. Baba akasema, "Wewe soma nilivyoandika."

Akajaribu pia Wasukuma waliobaki kijijini. Walimsikiliza kwa heshima, wakakataa. "Sisi na wewe Mfipa ni watani, wewe ukifa tutakuja kukucheka bila kuitwa," mmoja wao akasema. "Lakini Mjerumani utani wake ni wa yule mama. Walipigana wao. Mimi nitaanzia wapi kumtukana mtu aliyenikamulia alizeti yangu vizuri?"

Mgeni wetu kutoka Ujerumani akafika, mwanaume mpole wa makamo, amevaa viatu vyeusi vilivyong'aa. Siku ya maziko ikafika. Mwili ukaletwa kutoka mjini asubuhi, padri akafika, mawingu yakashuka mpaka juu ya miti. Mahali pa kaburi palikuwa pamewekwa vigingi, pembeni ya shamba, na vijana walikuwa wameshika majembe. Udongo haukuwa umeguswa. Baba alikuwa amekaa chini karibu na vigingi, mikono juu ya magoti.

Mwenyekiti akamwendea. "Mzee mwenzangu, mvua hii hapa. Tuanze."

"Bado."

"Kama haji?"

"Bado, nimesema."

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walikuwa wameacha mashamba yenye unyevu, na siku ya msiba hakuna anayeshika jembe lake. Padri alitazama angani, kisha akamtazama baba, kisha akaamua kusali rozari nyingine. Mimi nilikuwa karibu na mtoto wa kaka yake marehemu, ambaye tulikuwa tumempa kiti. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini kaburi halijachimbwa.

"Tunamsubiri mtu wa kumtukana marehemu," nikasema.

Alifikiri hakusikia vizuri. "Alikuwa na adui?"

"Karibu hivyo," nikasema. Sikujua namna bora ya kumweleza.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanguka tuliposikia pikipiki. Ilikuja ikiteleza kwenye tope la barabara, na nyuma ya dereva alikuwa amekaa mama mrefu, amezeeka, matope mpaka magotini, na juu ya kilemba chake kofia ya zamani ya nguo iliyopauka, ambayo kila mtu pale aliijua. Alianza kabla hajashuka.

"Yuko wapi? Bado hajaoza? Natoka Ugalla mgongo umekatika kwa ajili ya mtu aliyeninyima majani!"

Baba akainuka. Nilimwona anashika kigingi kama mtu anayeshika nguzo ya nyumba.

Yule mama alienda moja kwa moja ghalani, akatoka na kamba ya bluu. Akaivuta juu ya vigingi vya kaburi, akafumba jicho moja, akaweka mkono kiunoni vilevile, vilevile kabisa alivyokuwa akifanya mzee, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, nzito, ya kila neno kivyake. "Nani. Amepima. Hapa? Hii imepinda! Mimi sitalala katika mstari uliopinda!" Akageuka kuwa yeye mwenyewe. "Jamani nyoosheni, la sivyo atatoka humo kuja kunyoosha mwenyewe, mnamjua!" Vijana wakacheka wakahamisha kigingi. Akachukua jembe. "Mbegu mbili, kaburi moja!" akatangaza, amevua kofia. "Lakini leo ni mbegu moja, maana bahili huyu hakuoa, aliogopa mke atamaliza kabichi yake iliyooza!"

Akapiga jembe la kwanza. Na baba, aliyekuwa hajacheka wala kulia tangu hospitali, akacheka, sauti ikampasuka katikati, na hapohapo akawa analia, amekunja mikono juu ya kichwa kama mtoto. Watu wakamwacha. Majembe yalikuwa yameanza kushuka.

Yule mama akazunguka uwanjani, akasimama mbele ya kiti cha mtoto wa kaka yake mzee.

"Nani kampa huyu kiti?"

"Mgeni huyo, mayu," mwenyekiti akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Katoka Ujerumani."

"Mgeni wa nani? Huyu si mtoto wa kaka yake? Basi ni mtoto wa marehemu. Mtoto wa marehemu anakaa kwenye mkeka. Shuka!" Akakivuta kiti. Mwanaume yule akanitazama mimi, amepauka, na nikamwambia kwamba anaambiwa akae chini na wenzake. Akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka pembeni sambamba, akakaa kwenye mkeka katikati ya wazee. Mmoja wao akamsogezea kona ya turubai asilowe.

Kaburi lilipokamilika yule mama akaingia ndani, akakaa, akasema hatoki mpaka apewe chake. Akaulizwa anataka nini, kuku, mbuzi? "Kamba," akasema. "Nataka ile kamba."

Ndiyo iliyokuwa inalima shamba lote lile, na mbegu zilikuwa ghalani zinasubiri. Kila mtu alimtazama baba. Baba akajifuta uso, akaikunja kamba taratibu, fundo juu ya fundo, akainama akamkabidhi.

"Nitafungia ndama," akasema yule mama. Akatoka.

Padri akasali. Mzee akashushwa. Hakuna aliyesema maneno mazuri marefu, maana mvua ilikuwa imefungulia kweli, na watu waliingiza udongo haraka haraka, mkono kwa mkono, mtoto wa kaka yake naye akiwa peku ndani ya tope. Mwishoni yule mama akapigapiga udongo kwa bapa la jembe, kama tunavyofanya juu ya shimo la mbegu. Akasema taratibu, karibu peke yake, "Usipoota nitarudishia kwa kuzika mahindi hapa hapa, mtani."

Hakuna aliyerudi nyumbani mapema. Walikaa mpaka giza, wanasimuliana kabichi ile.

Matanga yalipokwisha, mimi na baba tulienda kuzika mahindi ya mzee. Baba aliweka vigingi viwili kwa mazoea, akapapasa mfukoni, akakumbuka. Kisha akaanza kupiga mashimo kwa macho tu, na mimi nikawa namfuata nyuma na mbegu, mbili mbili, nafukia kwa mguu. Alipokifikia kichuguu baba alikizunguka.

Nilipokuwa naondoka kurudi Dar mahindi yalikuwa yameshatoka. Baba alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari, tukasimama tukitazama ng'ambo ya mto. Kuona mpaka mwisho wa shamba kulikuwa hakuwezekani tena. Mistari ilikwenda vizuri mwanzoni, ikaanza kuyumba, ikakwepa kisiki, ikashuka na mteremko. Mtu mmoja akapita na baiskeli, akasalimia, akapita bila kusimama, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushangaza. Lilikuwa shamba kama mashamba yetu yote.

"Angeiona mistari hii," baba akasema, "angetufukuza wote."

Akacheka, akanipokea mkoba, gari lilikuwa linakuja.